Mchezo Uliozaa Fundi

Atokaye Mombasa akifika Kyumbi hukuta njia panda: Nairobi mbele, Machakos kulia. Na kijana aliyezoea PlayStation naye yu njia panda. Sasa ataka kujiundia kompyuta ya michezo kwa fedha haba: hununua kuukuu ya ofisini, akaitia kadi ya picha. Ajihadhari lakini, kadi isizidi wati 75, kiasi kipitacho katika ubao wa kompyuta wenyewe, isije ikaelemea kisanduku chake kidogo cha umeme.

Wazazi, twawasihi msikimbilie kukemea. PlayStation kazi yake mchezo. Kompyuta huandika barua, hupiga hesabu, huleta riziki. Mchezo usiile sala, hapana shaka. Bali mkono uliojua kuunda hauzoei kuomba.