Eti mpaka ujue CAD ndiyo ujifunze BIM? Mimi nakataa!

Leo nina hoja moja imenikaa rohoni wiki nzima. Watu wa majengo mtanivumilia, maana mimi ni mtu wa ualimu, ila hoja yenyewe ni ya kufundisha na kujifunza, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Ninayekaa naye chumba anasoma ukadiriaji majenzi mwaka wa pili. Alienda kujiandikisha mafunzo ya jioni ya BIM ili akienda field asiwe mtu wa kutumwa chai tu. Akaulizwa, unajua CAD? Akasema hapana. Akaambiwa kasome CAD kwanza, miezi mitatu, ulipie, ndiyo urudi. Miezi mitatu! Field itakuwa imeshapita, na bumu lenyewe mnalijua lilivyo.

Jamani, sharti hili linatoka wapi?

Kwa wasiojua, CAD ni kuchora kwa kompyuta badala ya penseli na rula. BIM ni kulijenga jengo zima ndani ya kompyuta pamoja na taarifa zake. Vinafanana kwa macho tu. Kwenye CAD ya kawaida ya mistari, ukuta ni mistari miwili sambamba, na kompyuta haijui kama huo ni ukuta, ni barabara au ni reli. Kwenye BIM unaweka ukuta wenyewe: una unene, una kimo, una tofali katikati na plasta pande mbili. Ukiweka mlango, ukuta unatobolewa. Ukisogeza ukuta, mlango unaufuata. Ramani ya chini, mkato, sura ya mbele na orodha ya milango vyote vinatoka kwenye jengo hilo hilo moja, ukibadilisha mara moja vinabadilika vyote.

Chukua ukuta wa mita 6 kwa mita 3 wenye mlango wa mita 0.9 kwa 2.1. Ukuta mzima ni mita za mraba 18, toa mlango 1.89, inabaki 16.11. Mkadiriaji anaihitaji hiyo namba ajue tofali na plasta kiasi gani. Kwenye BIM namba inatoka kwenye ukuta wenyewe. Sasa niambieni, ufundi wa kuchora mistari unamsaidia nini mtu huyu siku ya kwanza?

Hapa ndipo nakuja na somo letu la saikolojia ya elimu, lile tunalosoma ili tufaulu UE halafu tunalisahau. Mwaka 1901 Thorndike na Woodworth walionyesha kwamba kujizoeza jambo moja kunasaidia jambo jingine pale tu mambo hayo yanapokuwa na vitu vya pamoja. Ausubel naye mwaka 1968 akasisitiza kwamba kikubwa katika kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanafunzi wa BIM si "unajua kubonyeza wapi kwenye CAD?" Swali ni "unajua nyumba inajengwaje?"

Na mazoea ya zamani wakati mwingine yanakwamisha. Aliyezoea mistari akiona kosa kwenye mkato anataka kufuta mstari pale pale yaishe. Kwenye BIM hiyo ni dawa ya kupaka juu ya kidonda, inabidi urekebishe ukuta wenyewe. Asiye na CAD hana cha kusahau.

Kuna wanaosema CAD ni darasa la kwanza na BIM ni la pili. Historia haisemi hivyo. Michoro ya kompyuta ni ya zamani kweli, Sketchpad ya Ivan Sutherland ilikuwa mwaka 1963. Lakini Charles Eastman wa Marekani aliandika mwaka 1975 kuhusu kutumia kompyuta badala ya michoro katika kubuni majengo, miaka saba kabla AutoCAD haijatoka mwaka 1982. Yaani wazo la jengo ndani ya kompyuta halikusubiri AutoCAD izaliwe.

Sasa tuwe wakweli. Wapo watakaosema ofisi nyingi bado zinatumiana michoro ya CAD, na ukienda kazini utatupiwa faili uifungue. Ni kweli, tena hata wanaotumia BIM huwa wanachora vipande vidogo vidogo kwa mistari. Sijasema CAD haina maana. Nasema jifunze siku unapoihitaji, isigeuzwe geti la kuzuia watu.

Sharti la kweli lipo, na ni gumu kuliko CAD: kusoma ramani. Kama huwezi kutazama ramani ya chini na mkato ukajua dirisha liko wapi, programu haitakuokoa. Na ujue msingi, jamvi, lenta na kenchi vinafuatana vipi. Fundi wa mtaani ambaye hajawahi kugusa kompyuta yuko karibu na BIM kuliko mtu anayechora mistari haraka bila kujua lenta inakaa wapi.

Ushauri wangu wa kiualimu kwa mnaoanza: chukua futi, pima chumba chako cha hosteli. Kichore kwa penseli. Kisha kijenge kwenye programu. FreeCAD ni ya bure na ina sehemu ya BIM, na Revit nayo hutolewa bure kwa wanafunzi, ingawa inataka kompyuta yenye nguvu. Halafu piga hesabu ya eneo la kuta kwa mkono, linganisha na ya kompyuta. Zikitofautiana, tafuta kwa nini. Hapo ndipo utakapojifunza.

Na sisi walimu watarajiwa tujihadhari. Kila sharti tunaloweka mlangoni linachuja watu, na wanaochujwa kwanza ni waliotoka shule ambazo hazikuwa na kompyuta wala somo la michoro. Kabla hujamrudisha mtu, jiulize: katika hicho ninachomtuma akasome, atatumia nini kwenye kipindi changu cha kwanza? Kama huna jibu, mfungulie aingie.

Wenye mawazo tofauti karibuni, hasa nyie wa majengo. Nawasilisha!