Nguvu ya mwanaume haiuzwi barabarani

Toka Kipushi mpaka Kolwezi, sokoni na kwenye barabara zinazopeleka watu kazini, hamukosi mutu anayeuza vidonge na mizizi « ya nguvu ». Batata wa mugodi wanamujua. Mutu ametoka kazini, nyumbani hana hamu ya kumukaribia muke wake, anaona haya kusema, basi analipa. Tata, mbele ya kutoa franga zako, sikiliza kwanza mwili unasema nini.

Mwili wa mwanaume unatengeneza homoni inayoitwa testosteroni. Inatoka kwenye makende, lakini amri inatoka kichwani, kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Ndiyo inaleta ndevu, sauti nzito, misuli, hamu ya ndoa, na inasaidia kutengeneza mbegu za kuzaa. Miaka ikisonga, inapunguka polepole; hiyo si ugonjwa. Ikishuka kupita kiasi, mwili unatoa alama.

Alama kubwa ni hizi: hamu ya muke inapotea miezi na miezi, si siku mbili tatu, asubuhi unaamuka bila ile nguvu uliyozoea. Zingine: kuchoka hata siku ya mapumziko, misuli kupunguka na tumbo kuongezeka, ndevu kuota kwa shida, matiti kuvimba, moyo kuwa muzito bila sababu. Alama moja peke yake haitoshi. Aliyebeba mifuko ya madini siku nzima atachoka tu, hata kama homoni iko sawa. Lakini alama mbili ao tatu zikikaa pamoja, musingoje.

Nini inaishusha? Kwanza, usingizi kidogo. Mwaka 2011, watafiti wa Chicago walionyesha kama vijana wazima waliolala saa 5 tu kwa usiku, juma moja, testosteroni yao ilishuka asilimia 10 mpaka 15. Sasa mufikiri mwenye kufanya kazi ya usiku miaka na miaka. Halafu kuna lutuku ya kila siku, tramadol ambayo wengine wanameza ili wavumilie kazi, unene, kuumia makende, na ugonjwa wa sukari, ambao unaweza kukaa ndani ya mwili wakati murefu bila kujulikana.

Ndiyo maana vidonge vya barabarani ni hatari. Kidonge cha kusimamisha hakipandishi testosteroni. Kinaficha alama, na sukari inaendelea kuharibu mishipa. Kikikutana na dawa fulani za moyo, kinaweza kushusha tension mpaka mutu akufe. Na sindano ya testosteroni bila munganga inazuia mwili kutengeneza mbegu: kijana anayetafuta mutoto anaweza kujifungia mulango yeye mwenyewe.

Basi muende hospitali. Damu inapimwa asubuhi mapema, mbele ya kula, na inapimwa mara mbili, siku mbalimbali. Si kila kituo cha afya kina kipimo hicho, muulize. Lakini sukari na tension muombe zipimwe siku ile ile. Kama umetoka kazi ya usiku, umuambie munganga, juu kukosa usingizi kunabadilisha matokeo.

Bamama, bwana asiyewakaribia si lazima awe na « deuxième bureau », na si lazima aliye jirani amemuroga. Mumuulize kwa upole, na mumusindikize hospitali. Ile franga ya vidonge inatosha kuanza kupima sukari.

Na kwa wakubwa wa kompani tuna ombi: wakati wa visite médicale, munganga amuulize mufanyakazi pia juu ya usingizi na hamu ya ndoa, mulango ukiwa umefungwa, na jibu lisifike kwa chef wa kazi. Mutu akiogopa kupoteza kazi, hatasema kitu. Tena zamu za usiku zipangwe ili mutu apate kulala. Mwili unaotoa shaba na kobalti ya inchi hii unastahili kuangaliwa mbele haujaharibika.