Mteuzi Asihukumiwe kwa Bao Moja

Alasiri moja mjini Wote, Makueni, niliketi ukingoni mwa uwanja nikiwatazama vijana wa huko na wenzao wa Kitui wakicheza kandanda mbele ya mteuzi wa timu. Winga mmoja mwembamba alipiga shuti, mpira ukamgonga beki begani, ukajipinda ukaingia wavuni. Mteuzi akaandika jina lake. Golikipa aliyeokoa mipira mitatu ya hatari hakuandikwa. Watazamaji wakasema, "Ana jicho huyu!"

Jicho, au bahati?

Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu masika ndiyo mvua ya kutegemewa. Ukambani ni kinyume. Mkulima wa huko huamini zaidi vuli, ya Oktoba hadi Disemba, na wengi hupanda udongo ukiwa bado mkavu. Kulijua hilo, na kuchagua mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi, huo ni ujuzi. Kunyesha si kazi yake. Vuli ikikosa, hakuna amwitaye mjinga. Mbona basi kandanda tunaihukumu vingine?

Huko Marekani vilabu vya mpira wao (mikono hutumika zaidi kuliko miguu, lakini tuwaachie jina lao) huchagua chipukizi kwa zamu kila mwaka. Mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa wa 199. Akatwaa ubingwa wa Super Bowl mara 7, na New England waliomchukua wakasifiwa kwa maono. Lakini siku zile zile walikuwa wamekwisha kuchagua wengine 6 kabla yake! Wangalijua, wangalingoja? Wataalamu Cade Massey na Richard Thaler, katika utafiti uliochapishwa 2013, walikuta kwamba aliyetangulia kuchaguliwa humpita anayemfuata wa nafasi ile ile mara 52 hivi katika 100. Sarafu ikirushwa, ni 50.

Sisemi jicho halina kazi. Chuoni, maalim wetu wa Kurani hakumpima mwanafunzi kwa aya moja. Alimsikiliza juzuu nzima. Wateuzi nao tuwapime kwa vijana wengi na miaka mingi, na kwa sababu walizoandika siku ya kuchagua, kabla matokeo hayajawatia maneno mdomoni. Daftari lile la Wote lilikuwa na majina matupu.

Baada ya mechi nilimkuta golikipa akivua viatu vya kuazima. Alimrudishia mwenyewe, kisha akaniuliza kama mteuzi atakuja tena mwakani.