Kuambulia Sare si Kung'ang'ania Sare

Katika muda wa siku kumi na tano za mwezi wa Agosti 2025, timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ilitoka sare ya bao moja kwa moja mara mbili katika uwanja mmoja wa Kasarani. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 7 dhidi ya Angola, na mara ya pili tarehe 22 dhidi ya Madagascar. Matokeo ya uwanjani yalikuwa yale yale, na neno lililotumika kuyaeleza lilikuwa moja: sare. Hata hivyo, hapana Mkenya aliyeyatazama mapambano hayo mawili atakayedai kwamba alilala na moyo ule ule usiku wa kwanza na usiku wa pili. Sare ya kwanza tuliishangilia kana kwamba tumetwaa kombe. Ya pili, kwa kuwa ilifuatiwa na mikwaju ya penalti tuliyoshindwa kwa 4-3, ilitufungia mlango wa nusu fainali na kutuacha tumejiinamia.

Mimi ni shabiki wa kandanda tangu utotoni, na riziki yangu naipata kwa kufundisha isimu. Mambo haya mawili aghalabu huishi mbalimbali, lakini mashindano yale ya CHAN, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, yaliyakutanisha. Yalinilazimu nijiulize: je, lugha yetu inatosha kueleza pambano ambalo hakuna aliyeshinda? Na ikiwa inatosha, mbona sisi wasemaji wake tunaitumia kwa ubahili?

Hebu tukumbushane yaliyotokea tarehe 7. Kenya ilikuwa imeanza vyema siku nne awali kwa kuilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bao moja kwa nunge. Angola nayo haikuja Nairobi kutalii. Dakika ya saba tu ilikuwa imekwisha kutikisa nyavu zetu. Dakika ya 12 Austin Odhiambo akasawazisha kwa mkwaju wa penalti, na mashabiki wakapumua. Kabla pumzi hiyo haijatulia, dakika ya 21, Marvin Nabwani akaonyeshwa kadi nyekundu baada ya mwamuzi kurejea picha za video. Kuanzia hapo vijana wa kocha Benni McCarthy walicheza wakiwa kumi dhidi ya kumi na mmoja kwa takriban dakika 70. Kipenga cha mwisho kilipolia, hesabu haikuwa imebadilika.

Usiku huo nilikuwa nyumbani Chekalini, katika eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, mahindi mashambani yalikuwa yamepita kimo cha mtu, na runinga ya duka moja sokoni ilikuwa imewakusanya wanafunzi, waendeshaji bodaboda, akina mama waliokwisha kufunga vibanda vyao na wazee kadha wa kadha. Mechi ilipokwisha, watu walirukaruka na kukumbatiana. Msichana mmoja wa shule ya upili, aliyekuwa ameketi karibu na babake, akauliza kwa sauti, "Baba, mbona wanashangilia na hatujashinda?"

Babake alitabasamu, akamjibu, "Mwanangu, kumi wamelima mistari ya watu kumi na mmoja, na wameimaliza. Huoni hiyo ni kazi?"

Jibu hilo lilimtosha mkulima wa Lugari, nami sina la kuliongeza. Swali la binti ndilo lililonikaa moyoni. Alikuwa ameuliza jambo ambalo shule zetu, siasa zetu na hata magazeti yetu yamemfunza aulize: ikiwa hukushinda, unafurahia nini? Hakulipata swali hilo hewani. Amelelewa katika kaunti ambako fahali hupiganishwa huku umati ukiwafuata kwa ngoma za isukuti, na pambano huisha pale fahali mmoja anapogeuza kichwa na kutimua mbio. Aidha, amefunzwa darasani kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Macho yetu yamezoea kumtafuta anayekimbia.

Sasa tuiangalie lugha yenyewe. Nomino "sare" haina hukumu ndani yake. Inasema tu kwamba pande mbili zimelingana, kama vile wanafunzi waliovaa nguo za aina moja walivyolingana kwa mavazi. Hukumu huletwa na kitenzi kinachoandamana nayo. Mwandishi wa michezo anaweza kuandika kwamba timu imetoka sare, imeambulia sare, imeridhika na sare, imelazimishwa sare, imelazimisha sare au imeng'ang'ania sare. Matokeo ni yale yale, lakini kila kitenzi kinasimulia kisa tofauti.

Chukua "kuambulia". Kitenzi hiki hubeba maana ya kupata kidogo pale palipotarajiwa kingi, na ndiyo maana mtu huweza kuambulia patupu. Anayeandika kwamba Kenya iliambulia sare amekwisha kumwambia msomaji ahuzunike. Chukua "kulazimishwa". Hapa kuna kauli mbili zilizopandana: kiambishi cha kusababisha, kisha cha kutendwa. Timu inayolazimishwa sare ilikuwa na haki ya kushinda, akatokea mwingine akaipokonya. Kiondoe kiambishi "-w-" upate "kulazimisha", na mara moja aliyekuwa mtendwa anageuka mtenda. Herufi moja imembadilisha mwathiriwa akawa shujaa. Na "kung'ang'ania" ni kushika kitu kwa nguvu zote wakati mwingine anakivuta ili akutoe nacho.

Magazeti ya Kiswahili hapa Kenya yana msemo mwingine ambao mimi naupenda kuliko yote: "kutoshana nguvu". Mzizi ni "-tosh-", na kiambishi "-an-" ni cha kutendana. Wanaotoshana nguvu ni wale ambao kila mmoja anamtosha mwenziwe. Msemo huu haumlilii yeyote, wala haumpi yeyote sifa asiyostahili. Ndugu zetu wa Tanzania nao wana "suluhu", neno ambalo baadhi ya watangazaji wao hulitengea mechi isiyo na bao, huku wakiacha "sare" kwa ile yenye mabao. Neno suluhu asili yake ni mapatano, ingawa usiku ule Kasarani sikuona mtu yeyote aliyekuwa akipatana na mwenziwe.

Kwa hiyo, mhariri ambaye angeandika usiku huo kwamba Kenya ilikuwa imelazimishwa sare nyumbani asingekuwa amesema uongo. Kenya ilikuwa nyumbani, ilikuwa imeshinda mechi yake ya kwanza, na ilikuwa ikitarajiwa kushinda tena. Lakini kwa kitenzi hicho kimoja angekuwa ameifuta dakika ya 21 pamoja na dakika zote zilizofuata. Msomaji wa Turbo au Webuye ambaye hakuitazama mechi angebaki akidhani vijana walizembea. Ukweli wa mambo ni kwamba waliing'ang'ania alama hiyo moja hadi wakaondoka nayo.

Je, alama hiyo ilikuwa na thamani gani? Hapa pana vipimo viwili vinavyogongana. Kabla ya michuano, Rais William Ruto alikuwa ameahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi wa mechi za makundi, na shilingi 500,000 kwa kila sare. Kwa kipimo cha Ikulu, basi, sare ilikuwa nusu ya ushindi. Jedwali la mashindano halikuwa karimu kiasi hicho: ushindi alama tatu, sare alama moja. Zamani sare ilikuwa nusu kweli, kwani ushindi ulipewa alama mbili. Uingereza ndiyo iliyoanza kutoa alama tatu katika ligi yake mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994 huko Marekani. Shabaha ilikuwa kuzikatisha timu tamaa ya kucheza kwa woga huku zikisubiri kugawana alama. Shabaha hiyo ni nzuri, ila sheria haina macho. Haiwezi kumtofautisha aliyejifungia langoni kwa uoga na aliyejifungia kwa sababu amebaki na wenzake tisa.

Tazama pia hatima ya alama ile. Kenya iliishinda Morocco 1-0 tarehe 10 kwa bao la Ryan Ogam, tena ikiwa imebaki na watu kumi kwa mara nyingine, kisha ikaishinda Zambia 1-0 tarehe 17. Ilimaliza kundi ikiwa na alama 10, Morocco ikiwa na 9. Tungalifungwa na Angola, tungalilingana na Morocco kwa alama 9, na nafasi ya kwanza ingalitafutwa katika kanuni za kutenganisha timu zilizolingana. Alama moja iliyopatikana kwa jasho ilituepusha na mahesabu hayo. Sisi tulibaki Nairobi kwa robo fainali, na Morocco ikasafiri hadi Dar es Salaam kukabiliana na Tanzania.

Ndipo ikaja sare ya pili. Alphonse Omija alitupatia bao dakika ya 48, Madagascar ikasawazisha kwa penalti dakika ya 69, na hata baada ya dakika 120 hakuna aliyekuwa amemzidi mwenziwe. Penalti zikaamua. Siku zilizofuata nilisikia pale sokoni Chekalini maneno makali dhidi ya vijana wale wale waliokuwa wakibebwa kwa sifa juma moja lililotangulia. Ni wachache waliokumbuka kwamba Madagascar iliyotoshana nguvu nasi ilifika fainali tarehe 30 Agosti, na kwamba Morocco iliyoishinda 3-2 na kutwaa kombe ni ile ile tuliyoifunga. Katika mashindano yetu ya kwanza kabisa ya CHAN, hatukufungwa na yeyote katika muda wa mchezo. Anayesema tuliambulia patupu na ajaribu kuyasoma upya matokeo hayo.

Tunasahau kwamba kombe kubwa zaidi la klabu za Afrika lililowahi kuletwa nchini mwetu lililetwa na sare. Mwaka 1987 Gor Mahia ilikutana na Espérance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela. Kule Tunis zilitoka 2-2. Hapa Nairobi zikatoka 1-1. Gor Mahia ikatawazwa bingwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini bila ya kushinda hata mechi moja kati ya hizo mbili. Mimi ni mfuasi wa AFC Leopards, na ulimi wangu si mwepesi wa kuwasifu mashemeji zetu, lakini haki ya mtu haifichwi. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba Gor Mahia iliambulia kombe.

Jambo hili linapita mipaka ya viwanja. Msomaji atakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na huku kwetu, katika mpaka wa Lugari na Turbo, majirani waliokuwa wakiazimana majembe walitazamana kwa hofu. Mkataba wa tarehe 28 Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, uliopatanishwa na Kofi Annan, ndio uliosimamisha mauaji. Wakenya waliibatiza serikali iliyozaliwa hapo jina la "nusu mkate". Jina hilo ni tamu kwa ulimi na lina dhihaka yake ya haki, kwani vyeo viligawanywa kama chakula. Lakini ndani yake imo pia dhana kwamba mkate halali ni ule anaoula mmoja peke yake. Husemwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Methali hiyo inaichukulia nusu kuwa shari tu iliyopungua. Kwa watu waliorudi mashambani mwao mwaka ule na kupanda mahindi, haikuwa shari ya aina yoyote.

Walimu wenzangu, hapa ndipo kazi yetu inapoanzia. Mtaala wa umilisi umetuletea vipimo vinne vya kumtathmini mwanafunzi: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Tazameni vile vitenzi. "Kukaribia" ni kitenzi cha mwendo. Kinamtambua mtoto aliye njiani. Hata hivyo, wazazi wengi wakiisoma ripoti wanakitafsiri kuwa "ameanguka", na baadhi yetu hatuwasahihishi. Mtoto aliyetoka mbali akakaribia anahukumiwa sawa na yule ambaye hakuondoka mahali pake.

Napendekeza zoezi jepesi. Mwalimu wa Kiswahili na awape wanafunzi wake matokeo ya mechi moja tu: Kenya 1, Angola 1. Awape pia dakika zake: bao la saba, penalti ya 12, kadi ya 21. Kisha awaambie waandike kichwa cha habari mara tano, kila mara kwa kitenzi kingine, na wakitetee kile walichokichagua kwa ushahidi wa yaliyotokea uwanjani. Watajifunza kauli za vitenzi bila ya kukariri jedwali. Na huenda binti yule wa Chekalini, likizo nyingine akiketi mbele ya runinga na babake, akamsikia mtangazaji akisema tumeambulia sare, na akataka kujua kwanza ni nani aliyetolewa uwanjani, na katika dakika ya ngapi.