Nyati wa Sarafuni, Nyigu wa Shambani

Sarafu ya shilingi 500, inayopita kila siku mikononi mwa wafanyabiashara wa mahindi Tunduma, ina picha ya nyati. Wengi huona anastahili: mnyama wa mamia ya kilo, analindwa kwa sheria na askari wenye bunduki. Mdudu, kwa fikra hiyohiyo, ni wa kupuliziwa dawa tu. Huko kupima thamani ya kiumbe kwa umbo lake ni kosa, na kwa mkoa unaolima mahindi kama Songwe ni kosa la hasara.

Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika waligunduliwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa wameshaingia Tanzania. Nondo wao hutaga mayai mia na zaidi kwa fungu moja kwenye jani la mhindi, kisha huyafunika kwa manyoya ya mwili wake. Nyigu aitwaye Telenomus remus, ambaye watafiti wamemkuta hata Kenya, hafiki milimita moja. Hupenya manyoya yale na kutaga ndani ya mayai ya nondo. Yai lililotagiwa hugeuka jeusi, na siku chache baadaye anayetoka ni nyigu. Kiwavi hazaliwi kabisa.

Nitaambiwa nyati huleta fedha za watalii. Ni kweli, na alindwe. Lakini muhogo wa Afrika ulipovamiwa na vidung'ata miaka ya 1970, aliyeuokoa ni nyigu mwingine, Anagyrus lopezi, aliyetolewa Paraguay na kuachiwa Nigeria mwaka 1981. Mwaka 1995 kazi hiyo ilimpatia mtafiti aliyeiongoza, Hans Herren, Tuzo ya Chakula Duniani. Watalii gani wangelipa thamani ya muhogo ule?

Hoja nzito zaidi ni ya mkulima: nyigu peke yao hawammalizi kiwavi, na njaa haisubiri. Nakubali hawammalizi. Ila kiwavi aliyekua hujichimbia katikati ya mhindi, kinyesi chake kikiwa kifuniko juu yake, dawa isimfikie vizuri. Nyigu anayetembea juu ya jani huipata yote. Kupuliza shamba zima kwa mazoea ni kuua mlinzi na kumwacha mwizi. Afisa ugani amfundishe mkulima kukagua majani kwanza: mafungu mabichi ya mayai ayasage kwa vidole, yaliyogeuka meusi ayaache, na bomba libebwe pale tu viwavi wachanga wanapoonekana kuzidi.