Ghorofa wamezipata, uwanja uko wapi?

Mwaka 1961 Jiji la New York lilibadili kanuni zake za ujenzi na kuwapa wenye majengo mapatano haya: acheni sehemu ya kiwanja iwe wazi kwa watu wote, nasi tutawaruhusu kujenga zaidi ya kiwango cha kawaida. Katika maeneo yenye msongamano mkubwa, kila futi ya mraba ya uwanja ilimpatia mjenzi hadi futi 10 za mraba za ziada ndani ya jengo. Wengi waliichangamkia fursa hiyo, na mji ukapata mamia ya maeneo ya wazi bila kununua ardhi. Ila mwaka 2000, Jerold Kayden wa Chuo Kikuu cha Harvard, akishirikiana na idara ya mipango miji, alipochapisha uchunguzi wa maeneo 503 ya aina hiyo, ilionekana kwamba takriban asilimia 41 yalikuwa hafifu mno, hayamfai mwananchi kwa lolote la maana. Mwaka 2017 mkaguzi wa hesabu za jiji alikuta majengo 182 kati ya 333 hayatimizi masharti.

Tatizo halianzi na umiliki binafsi. Linaanza pale ambapo malipo ya upande mmoja ni ya kudumu na ya upande wa pili yanategemea hisani. Ghorofa za ziada hazipungui hata sentimita moja, na kodi yake huingia kila mwezi. Uwanja, kinyume chake, humegwa polepole: leo benchi linaondolewa, kesho mkahawa unatandaza meza zake, baadaye geti linafungwa mchana kweupe na mlinzi anamuuliza mpita njia anatafuta nini. Pale ambapo hakuna afisa anayepita kukagua, umma hupoteza haki yake bila hata kupata nafasi ya kulalamika.

Masharti yaliyoandikwa waziwazi hufanya kazi. Mtafiti William Whyte alipochunguza viwanja hivi miaka ya 1970, aligundua kwamba watu hukaa palipo na pa kukaa, jambo ambalo wajenzi wengi hawakulijali. Mwaka 1975 jiji likaweka kiwango cha urefu wa viti kulingana na ukubwa wa uwanja. Nguvu ya masharti ilionekana tena mwaka 2011 katika Zuccotti Park, bustani ya aina hiyo hiyo iliyo mali ya kampuni ya Brookfield. Bustani za jiji hufungwa usiku, lakini hii ilipaswa kuwa wazi saa 24, na ndiyo maana waandamanaji waliweza kupiga kambi pale. Kampuni ikatunga kanuni za kukataza mahema wakati watu wameshaingia, na Novemba 15 polisi wakawaondoa. Kanuni za mahali pa umma hazifai kutungwa na mwenye jengo peke yake, tena baada ya kuona nani amekuja.

Wapo wanaosema kampuni husafisha vizuri kuliko halmashauri. Mara nyingi ni kweli, na usafi huo una thamani. Lakini uwanja unaong'aa huku kijana asiye na fedha ya kahawa akifukuzwa haujalipa deni lake. Wengine wanahofu kwamba ukaguzi mkali utawakimbiza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia sharti aliloliridhia, akiwa tayari amelipwa kwa ghorofa, hatuna sababu ya kumbembeleza.

Mwanamazingira Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, jijini Nairobi, mwaka 1989, Wanairobi walijua kwamba ile ni bustani yao. Uwanja ulio chini ya jengo la kampuni hauna bahati hiyo, kwa sababu mpita njia hudhani anavumiliwa tu. Miji yetu ikitaka kivuli na pumzi katikati ya zege kwa njia hii, kwanza kibao kiwekwe mlangoni, kikieleza kwamba mahali hapa ni pa umma, saa za kufunguliwa, na namba ya simu ya malalamiko. Pili, ukaguzi wa kila mwaka utangazwe hadharani. Tatu, faini ipimwe kwa kodi ya zile ghorofa za ziada, na iendelee kudaiwa hadi siku geti litakapofunguliwa.