Wembe si Dawa ya Magaga



Ndugu Waislamu, Mtume wetu (s.a.w.) aliwaonya wanaotawadha kwa haraka wakaacha visigino vikavu. Basi sisi tunaoosha miguu mara tano kwa siku, vipi tusijue hali ya nyayo zetu? Tunaziacha mpaka magaga yanapasuka, kisha tunamkabidhi mpita njia mwenye wembe!

Hapa Kampala vijana hupita duka kwa duka na beseni na rangi za kucha. Wembe uliokwangua mguu wa huyu ndio unaokwangua wa yule. Damu kidogo tu yatosha kuambukiza homa ya ini aina ya B. Tena mwanamume ajnabi anashika mguu wa mke wa mtu, nasi tunaona kawaida.

Hatari zaidi ni kwa wazee wetu wenye kisukari. Mguu uliokufa ganzi hausikii wembe. Mzazi mmoja wa madrasa yetu alichanjwa kisigino kidogo tu. Kidonda kikaoza, mguu ukakatwa.

Watasema jiwe ni ushamba. Ushamba ni kununua kidonda kwa pesa! Loweka miguu dakika 10 katika maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe lako mwenyewe, kausha, paka mafuta. Mwenye kisukari asijikwangue, aende kwa daktari.

Nanyi wanafunzi, leo jioni tazameni nyayo za mama na bibi zenu. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiq.